Gari ya Barabara Mbovu Nayo Ina Hesabu Zake

Leo singo, hina na udi tunaviweka pembeni kidogo. Tunataka kuzungumza na nyie habari za gari, tena si rangi yake wala maua ya kuipambia siku ya harusi. Tunazungumzia uvunguni, kwenye grisi.

Sie ni mawifi wawili, watu wa Unguja, na riziki imetuleta Makambako. Waume zetu wanafanya biashara ya mbao, sie tunashona magauni ya harusi na sare za skuli. Makambako ni njia panda: barabara inayotoka Dar kwenda Mbeya na Tunduma inakutana hapa na ile ya Njombe na Songea, na treni ya TAZARA nayo inasimama. Wateja hawakosekani. Lakini wengi wako ndani, Ludewa huko na Makete, ambako masika ikishuka njia inakuwa uji. Ndio maana tulichanga pesa zetu tukanunua Prado ya dizeli ya mwaka 1998, injini ya 1KZ, mkono wa pili kama zilivyo gari zetu wengi.

Tulipojifunza ushoni, somo la kwanza halikuwa kukata kitambaa, lilikuwa kutunza cherehani. Unatoa vumbi la nyuzi chini ya meno, unatia tone la mafuta, unabadilisha sindano kabla haijakuvutia hariri. Cherehani zetu zina miaka na bado zinatembea. Ajabu ni kwamba akili hiyo hatukuipeleka kwenye gari. Tuliona gari ni kazi ya wanaume, na wanaume wetu waliona gari ni yetu. Basi ikakaa katikati, haina mwenyewe.

Fundi aliyetuuzia oili alitufungia kikaratasi kwenye usukani: rudi baada ya kilomita 5,000. Tukakitii kwa namna yetu. Kilomita hazijafika, hatuendi. Kumbe kwa mwezi mzima gari ilikuwa inazunguka mjini tu, sokoni na dukani, mwaka ukapita kilomita hazijatimia. Hakuna aliyetuambia kwamba hesabu ni mbili: kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Na safari fupi za asubuhi ya baridi ndizo mbaya zaidi. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi inauma mpaka mifupa, Njombe nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu. Injini inawashwa, inazimwa kabla haijapata moto, unyevu unabaki ndani ya oili.

Lakini kilichotuaibisha si oili ya injini. Ni difu.

Masika moja tulipeleka sare upande wa Ludewa. Tukaiacha lami Itoni, mbele tukakuta kijito kimejaa. Tukasoma dua, tukavuka, maji yakapita juu ya ekseli. Tulifurahi sana, tukapiga na picha! Wiki tatu baadaye, Jumamosi, tulikuwa na gauni la bi harusi wa Njombe, nikaha baada ya Alasiri. Makambako mpaka Njombe ni kama kilomita 60 za lami, tukaona saa moja na nusu inatosha kabisa. Hatujafika nusu ya njia, nyuma ya gari ukaanza mlio, kama nyuki ndani ya chupa. Tukaongeza sauti ya redio (Mwenyezi Mungu atusamehe ujinga ule). Mlio ukawa kusaga, halafu gari ikagoma.

Tukasimamisha mabasi madogo, yote yamejaa. Lililotuchukua hatimaye lilisimama kila kituo. Gauni lilifika baada ya Magharibi. Bi harusi alikuwa ameshaolewa, amekaa kitandani na baibui la kuazima na kanga za mama yake, picha zimeshapigwa. Hakutugombeza. Alilishika gauni, akasema ni zuri, akaanza kulia. Mama yake ndiye aliyesema ya kusema, na alikuwa na haki. Tulirudisha pesa yote ya ushoni, gauni tukamwachia.

Fundi mwingine, mzee wa hapa mjini, alipofungua difu ilimwagika oili rangi ya chai ya maziwa. Akatueleza: difu ikishapata moto, ukaizamisha ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia sili na kile kitundu cha kupumulia. Maji yanakaa humo, beringi zinakula kutu. Kama tungefungua nati moja siku ile tuliyorudi Ludewa, tukaiona oili imeharibika, tungebadilisha lita chache na yangekwisha. Badala yake pesa ya vitambaa vya Idi ilikwenda kwenye difu.

Sasa tuna daftari, lipo pamoja na la vipimo vya wateja. Oili ya injini na filta yake ni kama tulivyosema. Ea klina tunaipuliza kila tukitoka kwenye vumbi, na ikishakuwa nyeusi tunanunua mpya. Propela shafti inatiwa grisi kila servisi. Oili ya difu na ya gia boksi tunaikagua kila tukivuka maji, hata kama gari haina kelele, na tunaibadilisha kila kilomita 40,000. Mafuta ya breki kila miaka miwili, kwa sababu yananyonya unyevu, na anayeshuka Kitonga na breki laini anaijua khofu. Tairi tunasoma tarakimu nne za ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kuna na mkanda wa taiming. Kwenye 1KZ ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Taa ya T-BELT huwaka kilomita zikifika 100,000, kwa matoleo mengine 150,000. Lakini gari ya mkono wa pili nani anajua mita yake imeguswa mara ngapi? Sie tulibadilisha mara moja tukaandika tarehe.

Nyie wa visiwani mnaopenda kuingiza gari ufukweni, chumvi haisubiri kilomita. Osheni uvunguni kwa maji matamu siku hiyo hiyo.

Prado ipo kilomita 214,300. Servisi ijayo ni 217,000 au mwezi wa nane, na safari hii inaelekea mwezi utatangulia. Yule bi harusi alikuja dukani mwezi uliopita na kichanga chake, anataka nguo za akika. Kabla hajatoa kitambaa aliuliza gari ni nzima? Tukamfungulia daftari. Akalisoma lote, halafu akasema nguo atakuja kuzichukua mwenyewe.