Ni nani atakayejibu kwa maneno ya mkubwa?

Siku hizi maneno hayatembei tena kwa miguu. Yanapita katika simu, na kabla jua halijachwa watu wa nchi nzima wameyasoma. Wengi wetu tumezoea kuuliza: Je, ni kweli? Hilo ni ulizo jema. Lakini kuna ulizo la pili ambalo watu hawaliulizi sana: kama si kweli, nani atajibu? Aliyeandika peke yake? Ao na mwenye mtandao pia, yule aliyemwazima kipaza sauti?

Mimi ulizo hilo lilinipata kwa ajili ya ubao. Katika mtaa wetu nimepewa kazi ya kutunza ubao wa matangazo, ulio karibu na kisima. Kila mtu anabandika lake: mbuzi aliyepotea, nyumba ya kupanga, mkutano wa akina mama. Siku moja mtu asiyejulikana akabandika karatasi yenye kusema kwamba mjane fulani ameuza shamba lake kwa watu wawili. Uongo mtupu. Niliibandua saa ile ile. Basi jirani mmoja akaniambia: “Mzee, kwa kuwa umebandua hii, tangu leo kila karatasi inayobaki hapa ni neno lako. Umesoma, umeacha, basi umekubali.” Nilikasirika kidogo, lakini usiku ule usingizi haukuja upesi. Maana kama yule jirani ana haki, heri nisiutazame ubao hata kidogo.

Kumbe mahakimu wa Marekani walikwisha kuingia katika shimo hilo hilo. Mwaka 1991 hakimu mmoja wa New York aliamua kwamba kampuni CompuServe haina hatia kwa maneno ya watu waliosingizia wengine katika mtandao wake, kwa kuwa haikuyasoma kabla ya kuyatoa. Alilinganisha kampuni na maktaba ao duka la vitabu. Mwaka 1995, katika jimbo lile lile la New York, ikaja kesi ya kampuni Prodigy. Mtu asiyejulikana alikuwa ameandika humo kwamba Stratton Oakmont, nyumba ya kuuza hisa, ni ya wadanganyifu. Basi Prodigy walikuwa na desturi ya kuondoa maneno machafu, kusudi jamaa zenye watoto zisiogope kuingia. Hakimu akaamua kwamba, kwa kuwa wanachagua maneno, wao ni kama wenye gazeti, na sherti wajibu. Angalieni basi: anayefumba macho anakwenda huru, anayefagia anashitakiwa! (Tena, mwaka 1999 wakubwa wa Stratton Oakmont wenyewe walikiri udanganyifu mbele ya mahakama. Mtu asiyejulikana hakuwa amekosa sana.)

Wajumbe wawili wa Baraza, Christopher Cox na Ron Wyden, wa vyama vinavyoshindana, wakatunga dawa. Ndiyo inayoitwa Kifungu 230, katika sheria ambayo Rais Clinton aliitia sahihi Februari 1996. Maana yake ni hivi: mwenye mtandao asihesabiwe kuwa ndiye msemaji wa maneno ya mtu mwingine. Na akiondoa maneno mabaya kwa nia njema, asihukumiwe kwa kuyaondoa. Lakini neno analoliandika yeye mwenyewe, hilo ni lake.

Shikeni neno hilo la mwisho, maana ndilo lililoleta vita. Siku ya 26 Mei 2020, Rais Trump aliandika katika Twitter kwamba kura za kutumwa kwa posta zitajaa wizi, na kwamba mkuu wa jimbo la California anatuma karatasi za kura kwa kila mtu anayekaa kule. Kumbe zilikuwa za wale tu walioandikwa katika daftari la wapiga kura. Twitter hawakufuta maneno ya Rais. Waliweka chini yake alama ndogo ya buluu, yenye kuwaita wasomaji waende wakasome habari za kweli. Alama tu! Siku mbili baadaye Rais akatia sahihi amri ya kutaka kinga ya Kifungu 230 ipunguzwe. Amri hiyo ilifutwa na Rais Biden Mei 2021.

Mpwa wangu, anayeuza uniti za simu sokoni, hakubaliani nami. “Mjomba,” akaniambia, “kampuni haikuchaguliwa na mtu. Itamsahihishaje aliyechaguliwa?” Neno lake lina uzito, sikatai. Kampuni inatafuta faida, na leo inasahihisha huyu, kesho inamnyamazia yule. Lakini maneno ya Rais yalibaki pale pale, kila mtu akayasoma. Kuongeza neno chini ya neno la mwingine si kumfunga kinywa. Tena alama ile ilikuwa neno la Twitter wenyewe; kama wangemsingizia mtu ndani yake, Kifungu 230 kisingewakinga. Na kama kinga ingeondolewa, kampuni yenye kuogopa kesi ingefuta maneno ya nani kwanza? Ya wale wanaotaja wengine kwa ubaya kila siku bila ushuhuda. Rais alikuwa anatoboa mtumbwi wake mwenyewe.

Facebook walifuata njia nyingine, nami siipendi. Tangu 2016 walitumia wahakiki wa nje kupima habari, lakini maneno ya wanasiasa hayakupimwa. Walisema watu wayasikie na kujiamulia. Namna gani? Muuza dawa wa sokoni akisema majani yake yanaponya kila ugonjwa, anasahihishwa. Mkubwa akidanganya juu ya kura, anapita, na ndiye ambaye neno lake linaweza kuwatoa watu nyumbani na mawe mkononi. Januari 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba inaacha wahakiki hao kule Marekani, na watumiaji wenyewe wataandika maelezo, kama inavyofanyika katika X, jina jipya la Twitter. Maelezo hayo hutokea pale watu ambao kwa kawaida hawapatani wanapoyakubali wote. Ni busara, ila inakawia. Uongo unafika asubuhi, maelezo jioni.

Sisi katika Kongo tulionjeshwa dawa kali zaidi. Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, serikali ilikata intaneti kwa muda wa siku karibu 20, ikisema inazuia matokeo ya uongo yasienee. Lakini mwenye matokeo ya kweli naye hakupata njia.

Watu wa Ulaya, katika sheria yao ya 2022, wanaacha kinga, lakini mwenye mtandao akijulishwa waziwazi jambo lililo kinyume cha sheria, sherti asikawie kuliondoa. Mimi niko upande huo, na ninasema hivyo kwa ajili ya mtu mmoja wa Seattle, Kenneth Zeran. Aprili 1995, baada ya bomu la Oklahoma City lililoua watu 168, mtu alitia tangazo katika mtandao wa AOL la kuuza nguo zenye mzaha juu ya maiti wale, akaandika namba ya simu ya Zeran, ambaye hakujua lolote. Zeran akaanza kupokea matusi na vitisho vya kuuawa. Aliwaomba AOL waondoe. Likiondolewa moja, linatokea jingine. Mwishoni mwa mwezi simu ililia karibu kila dakika mbili. Hakuweza kubadili namba, maana ndiyo ya kazi yake. Novemba 1997 mahakama ya rufani iliamua kwamba Kifungu 230 kinawakinga AOL, hata kama walijulishwa. Aliyeandika tangazo hakujulikana.