Waya Uliotulia

Gari la petroli likigoma kuwaka njiani, kila anayefika huja na jibu lake. Wa kwanza atasema petroli ni chafu, wa pili ataapa ni betri, na wa tatu atakuwa ameshafungua boneti anachomoa plagi. Nililiona hilo chini ya kilima cha Salaita, kwenye njia ya vumbi jekundu inayoacha lami ya Voi kuelekea mashambani, Land Rover kuukuu ya shamba ilipozima na kukataa kabisa kuwaka. Kabla fundi hajafika, simu ilikuwa imeshapigwa Voi kuulizia bei ya koili mpya.

Fundi mwenyewe, mzee kutoka Taveta mjini, alitusalimu, akasikiliza maelezo yetu yote bila kumkatiza mtu, kisha akauliza swali moja tu: moto upo au haupo? Alichomoa kwenye distribyuta ule waya mnene unaotoka kwenye koili, akaushika kwa koleo lenye mpini wa mpira, akausogeza karibu na chuma cha injini, akaagiza stata ipigwe. Hapakuwa na cheche. Kwa jibu hilo moja plagi, rota na kifuniko cha distribyuta viliachwa, kwa kuwa moto ulipotelea kabla ya kuvifikia. Bado hakubadilisha kitu.

Inafaa kueleza moto huo unatoka wapi. Betri ina volti 12, na volti 12 haziwezi kuruka mwanya wa plagi. Umeme hupita kwanza kwenye uzi mmoja wa koili na kujenga nguvu ya sumaku. Ndani ya distribyuta kuna vipande viwili vidogo, pointi, vinavyogusana na kuachana injini inapozunguka. Vinapoachana umeme hukatwa ghafla, sumaku huporomoka, na mporomoko huo huzaa kwenye uzi wa pili volti zinazozidi 10,000. Cheche huzaliwa umeme unapokatwa. Kwa hiyo haitoshi kujua kama umeme unafika. Lazima ujue pia kama unafungwa na kukatwa kwa zamu yake.

Mzee alitoa taa ndogo yenye nyaya mbili. Mmoja aliugusisha mguu wa koili unaoelekea kwenye pointi, wa pili kwenye bodi ya gari. Injini ikiwa imetulia na pointi zimegusana, taa haikuwaka, kama inavyotakiwa. Stata ilipopigwa ilipaswa kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Iliwaka, ikabaki inawaka. Umeme ulikuwa umefika kwenye koili, ila haukuwa na njia ya kupita. Alifungua distribyuta na kukipinda kwa ncha ya bisibisi kile kiwaya kifupi laini kinachopeleka umeme kwenye pointi. Ngozi yake ya nje ilikuwa nzima kabisa. Nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimekatika. Waya ukitulia, ncha ziligusana na kila kipimo kilisema salama. Ukitikiswa, ziliachana.

Kilima kilichokuwa mbele yetu kinajua kosa la kupiga pasipo na tatizo. Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Jenerali Malleson wa jeshi la Uingereza alileta hapa askari wapatao 6,000, wengi wao kutoka Afrika Kusini na wageni kabisa wa vita vya nchi hii. Alikuwa ameambiwa kuwa Wajerumani na askari wao ni kama 300. Walikuwa zaidi ya 1,000. Mizinga ilipiga kileleni, mahali panapoonekana kwa mbali, huku mahandaki yenye watu yakiwa chini, kwenye vichaka vya mguu wa kilima. Washambuliaji walirudishwa nyuma wakiacha wenzao wengi wamekufa na kujeruhiwa. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, naye wa upande wa Waingereza, alizungukia upande wa Ziwa Chala, na Wajerumani wakaondoka Salaita wenyewe. Ninapopita hapo huwawazia wale vijana. Walilipia kwa damu jambo ambalo mkubwa wao alikuwa ameshaliamini kabla ya kulichunguza.

Lakini kile kiwaya ndicho kilichonigusa zaidi, kwa sababu sisi kwa sisi hupimana tukiwa tumetulia. Mtu akiulizwa habari, hujibu nzuri, hata mwenye msiba hujibu nzuri kwanza ndipo aeleze. Tunaridhika na jibu hilo, tunaendelea na safari. Anayetaka kujua mwenzake anaendeleaje hana budi kuwa naye wakati mzigo uko mabegani: mwisho wa mwezi kodi inapodaiwa, usiku mtoto anapougua, saa ambayo mambo hutikisika.

Nina mpwa wangu anayesoma karibu na mpaka wa hifadhi ya wanyama ya Tsavo Magharibi. Alama zake zilianza kushuka, na ukoo mzima ukawa na majibu: simu, marafiki, mwalimu wa hesabu. Alinunuliwa vitabu vipya, akatafutiwa masomo ya ziada. Jioni nyumbani, ukimwuliza swali, alijibu vizuri, hata tukashindwa kumwelewa. Mimi nilikwenda kulala kwao, nikaamka naye gizani nikamsindikiza shule. Katikati ya njia alisimama, akasikiliza vichakani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, tungoje kidogo. Ndovu hupita hapa." Tulingoja hadi kukapambazuka, na tulipofika somo la kwanza lilikuwa linakwisha. Ndivyo zilivyokuwa asubuhi zake nyingi, na hofu ile aliingia nayo darasani akakaa nayo mpaka mchana. Siku hiyo hiyo nilizungumza na mwalimu wake, na wazazi wa njia ile wamekubaliana kuwasindikiza watoto kwa zamu, wakitoka kukishakucha. Vitabu vipya viko kabatini; anatumia vile vya zamani.