Ryu amenenepa

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili. Sikusafiri wala sikuugua. Nilikuwa nahangaika na TV ya chogo.

Chanzo ni kaka yangu. Miaka ya tisini, kwenye chumba kimoja cha gemu Kariakoo, hakukuwa na wa kumtoa kwenye mashine ya Street Fighter II. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia madaftari na kuhesabu tokeni zilizobaki. Safari hii alikuwa anakuja Dar kwa siku tatu, mara ya kwanza tangu tuuze nyumba ya mzee. Jinsi tulivyoiuza, acha tu. Tulibaki watu wa kutumiana meseji za sikukuu. Nikasema nikimwekea gemu lake, angalau tutakuwa na kitu cha kutazama badala ya kutazamana.

Nikaweka MAME kwenye kompyuta, ile programu iliyoanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997. (Programu ni ya bure. Magemu yenyewe yana wenyewe, hapo kila mtu na dhamira yake.) Nikaunganisha na flati, nikapiga picha, nikamtumia kaka. Akajibu: "Ryu amenenepa."

Nilikasirika, maana namba nilizifuata. Picha ya gemu lile ni pikseli 384 kwa 224, na mimi nilizikuza mara tatu kila upande. Kumbe kioo cha mashine ile kilikuwa cha 4 kwa 3. Pikseli zote 384 zilibanwa zikaenea humo, kila moja ikawa nyembamba kuliko kimo chake. Michoro ya Capcom ya mwaka 1991 ilitengenezwa kwa ajili ya kioo hicho. Ukiitoa humo, watu wanavimba.

Nikaibana picha iwe 4 kwa 3, Ryu akakonda. Lakini flati yangu ina mistari 768, na 768 haigawanyiki kwa 224. Mistari mingine ya gemu inapata mitatu, mingine minne, na mandhari ikisogea picha inacheza kama maji. Halafu mashine ile ilichora picha kama mara 59.6 kwa sekunde, flati inataka 60. Kila baada ya sekunde mbili tatu kuna kakwazo kadogo. Wengi hawakaoni. Kaka angekaona.

Ndipo nikaenda kwa fundi Ilala. Alikuwa na chogo ya inchi 21, mtumba wa Ulaya, ina tundu la SCART nyuma. TV hizi zinachora mistari kama 15,600 kwa sekunde, karibu sawa na mashine za gemu za enzi hizo. Kompyuta kwa kawaida haishuki chini ya 31,500. Ili ishuke, nilitafuta kadi ya zamani ya Radeon, nikaweka CRT Emudriver, na badala ya MAME ya kawaida nikaweka GroovyMAME, ambayo inaipangia kila gemu mistari na kasi yake. Waya wa VGA kwenda SCART fundi aliuchomelea mara mbili. Mara ya kwanza picha iliporomoka kama mvua. Mke wangu akauliza kama hiyo TV italala sebuleni. Nikamwambia siku tatu tu.

Kaka alifika Ijumaa usiku. Tukala, tukaulizana habari za watoto, maneno yakaisha. Nikawasha.

Hakusema kitu. Alisogea mpaka karibu na kioo, akatazama ile mistari myeusi myembamba inayopita katikati ya picha, akarudi nyuma. "Lete kiti, dogo."

Alinipiga raundi kumi na moja. Baadaye nikaacha kucheza, nikawa namshikia simu yake. Kama saa saba hivi, bila kugeuka, akauliza, "Ile nyumba wamebomoa?"

"Ipo. Wamepaka rangi ya kijani."

"Mwembe?"

"Wamekata."

Akanyamaza. Kwenye kioo namba zilikuwa zinahesabu kurudi nyuma: tisa, nane, saba.

"Weka tokeni," akasema.

Nikabonyeza 5.