Mizani ya Wandegeya

Karibu na makutano ya Wandegeya kuna mzee anayekaa kando ya barabara na mizani yake. Ukimpa shilingi 500 unavua viatu, unapanda, naye anasoma namba kwa sauti, wapita njia wasikie wasisikie. Mwezi wa Januari alinisomea 86. Mwezi wa Juni, baada ya miezi mitano ya jasho, akanisomea 85. Nilitamani kumdai pesa yangu.

Nilianza mazoezi kwa sababu ya aibu tu. Ngazi za hosteli yetu Kikoni zilikuwa zinanishinda. Nilifika ghorofa ya nne nikihema, na wenzangu wakanipa jina ambalo sitaliandika hapa. Rafiki yangu anayesomea sayansi ya michezo Kyambogo akanishauri nisijikondeshe kwa njaa, bali nipunguze mafuta na kujenga misuli kwa wakati mmoja. Nilidhani ananitania. Nilivyojua mimi, mtu hupungua kwanza, halafu ndipo hujenga.

Alinieleza kwamba mafuta hayageuki kuwa misuli. Ni vitu viwili, kila kimoja kina njia yake. Ukila pungufu kidogo tu ya mahitaji yako, mwili huchukua nguvu inayokosekana kutoka kwenye akiba ya mafuta. Wakati huohuo, ukiibebesha misuli mizigo mizito, ukala protini ya kutosha na kulala vizuri, misuli inaweza kukua. Jambo hili huwa rahisi zaidi kwa mtu mgeni wa mazoezi ambaye bado ana akiba kubwa. Mimi nilikuwa na sifa zote mbili.

Hesabu ya protini ndiyo iliyonitisha: gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Kwangu hiyo ni karibu gramu 138, na yai moja lina gramu 6 hivi. Mayai 23! Kwa posho ya mwanafunzi, yaani pesa, si ile posho ya mahindi tunayokula hapa Uganda. Nikaokolewa na mukene, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao wakikauka zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Nyumbani tulikuwa tunawaona kama chakula cha kuku. Nikaongeza maharage, nikapunguza ugali nusu, nikaacha soda. Jioni nilipokwenda kununua rolex, nilimwomba muuzaji anipe mayai bila chapati, akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Jimu yetu ilikuwa nyuma ya hosteli: mabomba ya chuma yenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, na jerikani za lita 20. Tulinyanyua mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo, niliposikia 85, nilikata tamaa, ingawa mkanda ulikuwa umerudi nyuma matundu matatu na shati lilikuwa linanibana mabegani. Rafiki yangu alicheka. Alisema kilo za mafuta zimetoka, kilo za misuli zimeingia, na mizani haijui tofauti.

Wiki hiyohiyo nilikwenda likizo kwa Jajja, bibi yangu, Kyotera, wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Rakai. Kasensero, mwalo wa wavuvi ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana mwaka 1982, uko wilaya hiyo. Kabla ya watu kuuelewa ugonjwa huo waliuita siriimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba, kwa maana mgonjwa alikonda mpaka akaisha. Jajja alizika watoto wake wanne. Serikali ilipoanza kutoa dawa bure mwaka 2004, wa mwisho alikuwa kaburini tayari.

Alinipokea mlangoni, akanitazama usoni muda mrefu.

“Okozze,” alisema. Umekonda.

Nikacheka, nikamweleza habari za mazoezi. Hakucheka. Usiku ule alinipakulia matooke mara tatu, akakaa kuniangalia nikimeza. Siku ya pili aliniuliza polepole, macho yake yakiwa kwenye jiko, “Mjukuu wangu, umepima damu?”

Nilikasirika, na sasa naona haya kwamba nilikasirika. Nilimwambia nimepima na niko salama. Akaitikia kwa kichwa tu. Nadhani wanangu wale wanne pia, alikuwa anawaza, waliniambia wako salama. Jirani yake anameza dawa miaka mingi na ni mnene kuliko sisi sote, lakini hilo halimsaidii Jajja anapoona mashavu yangu yameingia ndani.

Nilichota maji kisimani, jerikani moja kila mkono, nikapanda mlima bila kupumzika. Aliniona. Nikatoa simu, nikamwonyesha namba nilizoandika kila mwezi: 86, 86, 85, 86, 85, 85.

“Mgonjwa hupungua, Jajja. Mimi sipungui.”

Aliniomba nizisome tena, moja moja. Kisha akanishika mkono juu ya kiwiko, akaufinya kama anavyofinya parachichi sokoni.

“Namba hiyo,” alisema, “uwe unaniambia kila Jumapili.”

Tangu hapo, kila Jumamosi napita Wandegeya. Mzee wa mizani amenizoea, hasubiri nivue viatu vyote viwili ndipo aanze kuuliza kama bado ni 85. Kwa wiki nyingi ilikuwa bado. Halafu mitihani ikaja, nikalala kidogo na kula ovyo, nikaacha vyuma, na wiki iliyopita akasoma kwa sauti yake ileile: 82.

Jumapili Jajja alipiga simu. Nilimwambia 85.