Makuba Mawili ya Kairo: Athari za Shajar al-Durr

Mgeni aingiaye Kairo ya kale kwa njia ya al-Mu'izz hupita chini ya mnara wa madrasa ya Sultani al-Salih Najm al-Din Ayyub. Ndiyo ya kwanza nchini Misri kusomesha madhehebu manne mahali pamoja, ikiwemo ya Imamu Shafi'i tuifuatayo wengi wetu huku pwani. Ubavuni mwake pana kuba ya mwaka 1250. Humo amelala sultani huyo, na aliyemjengea ni mkewe, Shajar al-Durr, yaani Mti wa Lulu.

Bibi huyu aliingia katika nyumba ya ufalme akiwa mjakazi, akamzalia sultani mtoto, Khalil, aliyefariki mdogo. Novemba 1249 sultani naye akafariki kambini Mansura. Dola ya ukoo wa Salahuddin ilikuwa imeshadhoofika kwa ndugu kupigana wao kwa wao, na Louis wa Tisa, mfalme wa Ufaransa, alikwisha kuitwaa Dimyat na sasa aliinyemelea Kairo. Lau habari ya msiba ingalitoka, jeshi lingalitawanyika.

Shajar al-Durr akaificha. Maiti ikachukuliwa kwa siri kwa mashua hadi ngome ya kisiwa cha Rawda. Chakula kikazidi kupelekwa hemani kana kwamba mgonjwa yungali hai, na amri zikatoka kwa jina lake. Mjane akameza machozi hadi Turanshah, mwana wa sultani, alipowasili kutoka mbali. Aprili 1250 Louis akatekwa, na nyumba ya Ibn Luqman alimofungwa ingali inazuriwa Mansura.

Punde Mamluki wakamwua Turanshah, wakamtawaza bibi huyu. Dimyat ikarejea katika siku zake. Jina lake likatajwa katika hotuba za Ijumaa na kupigwa chapa kwenye sarafu. Khalifa wa Baghdad, al-Musta'sim, hakuridhia mwanamke kutawala. Baada ya siku zipatazo 80 akamwachia kiti Amiri Aybak, aliyemwoa.

Subira iliyoiokoa Misri haikumfaa nyumbani mwake. Mwaka 1257, Aybak alipotaka kumwoa binti wa mtawala wa Mosul, Shajar al-Durr aliamuru auawe. Siku chache baadaye naye akauawa. Husimuliwa kuwa wajakazi walimpiga kwa mitalawanda, na maiti yake ikatupwa nje ya ngome. Mwaka uliofuata Wamongolia waliiangamiza Baghdad, na khalifa akauawa pia.

Kuba ya pili, aliyojijengea mwenyewe, iko mtaa wa al-Khalifa, karibu na makaburi ya Bibi Ruqayya na Bibi Nafisa. Ni ndogo, na haina umati. Ndani ya kibula chake umechorwa mti kwa vipande vya kioo cha rangi ya dhahabu, na matunda yake ni chaza ing'aayo: ndilo jina lake.

Wako wamtajao kwa kuwasifia wanawake, na wako wamtajao kwa kuwakemea. Insafu ni kuyazuru makuba yote mawili. Mama zetu na binti zetu wajue kuwa mwanamke alilisimamisha jeshi kwa akili na ustahamilivu. Na sisi sote, waume kwa wake, tujue kuwa damu iliyoharamishwa haihalaliki kwa wivu wala kwa wema uliotangulia. Mwenyezi Mungu amrehemu, azitengeneze nyumba zetu. Amin.