Kiwimbi

Katika Haskell, lugha ya kuandikia programu, kila thamani ina aina yake. Na kompaila, yule msomaji mkali asiyejua haya, hukataa kazi nzima pale aina mbili zinapogongana. Hata hivyo hufika wakati mwandishi akataka kusema kwamba aina hii na ile, japo majina mbalimbali, ni kitu kimoja. Kwa usemi huo GHC, kompaila iliyoanzia Glasgow, iliweka alama ya kiwimbi: a ~ b. Nayo si ahadi ya mdomo, kwani kompaila hudai ithibitishwe.

Kwa zaidi ya miaka kumi kiwimbi kilikuwa cha kifalme. Hakikutoka maktaba yoyote. Kilikaa ndani ya sarufi yenyewe, kama mizani ikaavyo ndani ya ubeti bila ya kutajwa, wala hapana aliyeweza kukipa maana nyingine. Mwaka 2022, katika toleo la 9.4, kikateremshwa kitini. Kikawa jina kama majina mengine, la kuletwa au kuachwa.

Ni haki, mapendeleo ndani ya sarufi huchosha. Wengi hawakuhisi kitu, maana maktaba ya mwanzo, Prelude, hukileta yenyewe. Aliyeumia ni yule mwangalifu, mwenye desturi ya kuikataa Prelude na kuchagua majina yake moja moja. Huyo hakufukuzwa. Kompaila ilikisoma kiwimbi chake kwa maana ya zamani, ikamwonya kwamba toleo la mbele litakikataa.