"Fanya mazoezi" sio dozi

Hebu fikiria umeenda kliniki na malaria. Daktari anakupima, anafunga faili, anakwambia, "Kunywa dawa." Basi. Hakuna jina la dawa, hakuna mara ngapi kwa siku, hakuna siku ngapi. Ungenyamaza? Mimi najua ungefika tu stejini na tayari umeshaposti.

Lakini watu wetu wenye presha na sukari wanaambiwa hivyo hivyo kila wakirudi kliniki. "Punguza chumvi, fanya mazoezi. Anayefuata!"

Mjomba wangu ameambiwa hayo maneno mawili kwa miaka mitatu. Yeye ni mtu wa boda hapa Voi. Anapanda pikipiki saa kumi na mbili asubuhi na anashuka usiku, na sukari yake haishuki naye. Siku moja nikamuuliza, "Mjomba, yale mazoezi unafanya lini?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Si nashinda barabarani, mjomba? Unataka nini tena?" Na kwa kweli hana makosa. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kukaa juu ya injini siku nzima ni kukaa tu, hata kama umefika Mwatate mara sita.

Kuna nchi zimeamua mazoezi yaandikwe kama dawa nyingine yoyote. New Zealand madaktari walianza mwaka 1998, unatoka na karatasi imeandikwa ufanye nini. Ujerumani nao wakapitisha sheria mwaka 2019, daktari anaweza kukuandikia programu ya simu na bima ikailipa. Dozi ya mazoezi ina vitu vinne: mara ngapi kwa wiki, kwa nguvu gani, kwa muda gani, na ni zoezi gani. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Wastani ni ule mwendo unaweza kupiga stori lakini huwezi kuimba. Ona hiyo, ni kipimo cha bure na hakihitaji chaji.

Sasa simu inaingia wapi? Simu inahesabu, inakukumbusha, inamwonyesha nesi kama ulifanya au uliruka, na mkikutana mnaongeza au mnapunguza. Mimi naiunga mkono hii kitu kabisa, msinielewe vibaya. Shida yangu ni nani ameipanga, na alikuwa anafikiria mtu wa wapi.

Twende Chawia kidogo. Kwa wale hamjafika, Voi iko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, joto na vumbi. Ukipita Mwatate ukipanda milima ya Taita, msitu wa Chawia unaukuta kwenye mita 1,500 na zaidi, ukungu na baridi, na hakuna mahali pa kutembea tambarare hata ukitafuta. Nyanya yangu anaishi huko. Ana presha, na goti la kushoto linamsumbua. Binamu yangu wa Mombasa, mtu wa jimu huyo, alimwekea kwa simu programu ya kuhesabu hatua na kumpangia hatua 10,000 kwa siku. Nia yake ilikuwa safi.

Nyanya huiacha simu dirishani, kwa sababu ndipo mtandao unashika. Kwa hiyo siku hiyo ameteremka shamba, amelima, amepanda na mzigo wa kuni mgongoni, amepika kimanga cha watu wanane, na jioni simu inalia. Akanipa nimsomee. "Umetembea hatua 312. Jitahidi zaidi kesho!" Nyanya akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Iulize hizi kuni zimeletwa na nani."

Nilicheka, lakini baadaye nikaona si mambo ya kucheka. Huyu mama ameamka kabla ya jua miaka sitini, halafu kifaa kinamwambia ni mvivu. Wiki iliyofuata akaanza kuzunguka nyumba jioni na goti bovu, simu mkononi, ndiyo ifurahi. Goti likavimba. Hapo ndipo nilianza kuandika hii posti kichwani.

Hata ile 10,000 yenyewe, unajua ilitoka wapi? Japani, mwaka 1965. Kampuni moja ilikuwa inauza kifaa cha kuhesabu hatua, na jina la kifaa hicho maana yake ni "kipimo cha hatua elfu kumi". Ni tangazo la biashara, bana, sio daktari. Mwaka 2019 watafiti Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya wanawake 16,000 wa umri mkubwa. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wale wa 2,700, na faida ikaendelea kupanda hadi karibu 7,500 ikatulia. Na hao wengi hawakuwa na mteremko wa Chawia wala mzigo mgongoni.

Nyanya hana upungufu wa hatua. Kwa watu wa miaka 65 kwenda juu, mwongozo ule ule wa 2020 unasisitiza siku tatu au zaidi kwa wiki za mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu, ili mtu asianguke. Kusimama kutoka kwa kiti bila kujishika na mikono, mara kadhaa, pole pole. Kusimama kwa mguu mmoja umeshika mlango. Hayo ndiyo angeandikiwa, na goti liangaliwe kwanza. Anayehitaji kuhesabiwa hatua ni mimi na wewe tuliolala kitandani tukisoma hii. Na mjomba.

Tena mjomba naye alijaribu programu. Ikamwamsha saa kumi na moja na nusu alfajiri, "Ni wakati wa kutembea!" Mjomba anakaa pembeni ya mji, upande ambao ndovu wakitoka mbugani wanapitia. Kule Sagalla watu wamezungusha mashamba yao mizinga ya nyuki ili ndovu waogope. Halafu mtu atoke gizani peke yake, masikio yamezibwa na muziki, kwa sababu simu imesema? Aliyeitengeneza hajawahi kusikia tawi likivunjika usiku.

Ndiyo maana nasema kifaa tunacho tayari, na hakiko kwenye duka la programu. Septemba 2023 serikali ilitoa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wale tunawaita CHP, wakiwa na mkoba wenye mashine ya presha na ya kupima sukari, na simu ya kuingiza rekodi. Anayepita kwa nyanya anajua njia ipi ina utelezi mvua ikinyesha, na anajua nani amebeba kuni. Simu yake ndiyo ningetaka iwe na ukurasa wa mazoezi. Iulize: unafanya kazi gani, umekaa saa ngapi, goti likoje, ukipanda kilima kifua kinauma? Halafu dozi iandikwe kwa Kiswahili au Kidawida, na mtu arudi baada ya wiki mbili kuangalia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Mtu kama huyo utamwambia apakue programu? Na bando atanunua nani?

Kuna usalama pia, kwa sababu dozi huzidi. Kama unadungwa insulini au unameza baadhi ya vidonge vya sukari, mazoezi yanaweza kushusha sukari mpaka ukaanguka, kwa hivyo unauliza kwanza na unabeba kitu kitamu mfukoni. Miguu ya mtu wa sukari inaweza kuchubuka na asisikie. Na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data inasema habari za afya yako ni nyeti, so kabla ya kubonyeza "nakubali" kwa programu usiyoijua, jiulize inampelekea nani.

Mjomba sasa ana karatasi. Nesi mmoja alikaa naye dakika kumi, akauliza maswali, akaandika: dakika kumi baada ya chakula cha mchana, kumi baada ya cha jioni, siku tano kwa wiki, mwendo wa kuongea lakini si wa kuimba, viatu vya kufunika vidole, kagua nyayo kabla ya kulala. Ni dakika 100, haijafika 150, ataongezewa. Anatumia saa ya simu yake tu kuhesabu muda, na usiku ananitumia ujumbe: "Kumi kumi." Wale vijana wa stejini walimcheka siku mbili, kwamba boda ameuza pikipiki anatembea. Siku ya tatu wawili wakaacha helmeti kwa mama wa chapati wakamfuata. Kliniki anarudi tarehe 14, na ameniambia nisimpigie asubuhi hiyo, ananijua nitauliza namba kabla hata hajakaa kwenye foleni.